VPN Ikianguka, Kontena Linyamaze

Juzi kijana mmoja wa ofisi niliyostaafia alinipigia simu. Alinipa shikamoo mbili, kisha akasema wanaandaa mafunzo ya mafundi wapya wa mitandao pale Kibiti, na wangependa nije nizungumze na vijana. Nikamwambia nitakuja, nani asiyependa kusikilizwa. Akakohoa kidogo.

"Ila Bi Rukia, wakubwa wameomba ile habari ya deltani tusiiguse. Wanasema imeshapita."

"Nisipoisema hiyo niwafundishe nini? Kuchomeka waya?"

Akacheka. Mie sikucheka, na mafunzoni sikwenda. Nimekaa zangu hapa Mtawanya, korosho zimeanikwa uani, na haya ninayaandika nikiwa na hasira, msinitafutie sababu nyingine. Imeshapita kwa nani? Nyie wanangu mnaoshika seva sasa mtakutana nayo kesho, bosi mwingine, sura nyingine, jambo lilelile.

Shirika letu lilikuwa na zahanati ya barabarani kule Nyamwage, nyingine Dimani, na moja ndani kabisa ya delta, ambako huendi bila boti. Jina la kijiji hicho sitalitaja. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta ndogo yenye programu ya wagonjwa: nani kaja, anaumwa nini, anakunywa dawa gani. Kila jioni taarifa hizo zilitumwa kwenye seva yetu Kibiti. Mwanzoni tuliihangaikia sana programu ile, ukiifufua Dimani inakufa Nyamwage, hadi tulipoamua kuiweka ndani ya kontena.

Siku nilipowatangazia wenzangu kwamba wiki ijayo tunaleta makontena, mlinzi wetu aliwahamisha mbuzi waliokuwa nyuma ya ofisi, akafagia vizuri, akaja kuniuliza winchi itapitia upande gani. Nikamwambia yote yamo kwenye flashi hii hapa mkononi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona homa imempanda mwenzake.

Kontena letu sisi ni programu iliyofungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume na masufuria yake, mkeka wake, hata kinu chake. Haendi kuazima kwa jirani. Na VPN ni njia iliyofunikwa. Taarifa zinatoka deltani zimefungwa, zinapita katikati ya intaneti ya watu wote, na asiyehusika haoni kilichomo mpaka zifike Kibiti.

Wengi huteleza hapa. Mtu anawasha VPN kwenye kompyuta, anaona imekubali, anasema basi, makontena yote yaliyomo yamefunikwa. Yamefunikwa kweli, maadamu VPN imesimama. Ikianguka, na kule deltani inaanguka kila wingu likikunja uso, kompyuta haipigi kelele. Inashika njia ya kawaida kimyakimya, kontena nalo linafuata, linaendelea kutuma likidhani bado limejistiri. Ni sawa na mtu anayekatiza sokoni, khanga imemdondoka, naye hana habari.

Mimi nilifanya hivi. Niliiweka VPN yenyewe ndani ya kontena lake. Kontena la wagonjwa sikulipa mtandao wake, nililiambia litumie mtandao wa kontena la VPN, na pale kwenye VPN nikaweka sheria kwamba kisichopita ndani ya njia iliyofunikwa kisitoke kabisa. VPN ikianguka, kontena la wagonjwa linakosa pa kupita. Linanyamaza, linapanga taarifa zake foleni, linasubiri. Na ukiizima VPN ukaiwasha upya, zima na uwashe pia lile linaloitegemea, maana hubaki limeng'ang'ania mtandao uliokwisha kufa. Hilo lilinilia asubuhi nzima kule Dimani. Nililaumu mnara, nikalaumu mvua, nilikuwa nakaribia kuwalaumu majini.

Kupima, usipimie nje. Ingia ndani ya kontena, liulize linatokea kwa anwani gani. Kisha iangushe VPN kwa mkono wako mwenyewe, uliulize tena. Likikujibu, kazi hujafanya. Likinyamaza, nenda kanywe chai. Ukirudi, angalia pia linamuuliza nani seva iko wapi, kwa sababu laweza kujifunika vizuri huku linauliza njia kwa kupaza sauti barabarani.

Adabu hii sikuipata kwenye kompyuta. Nilipoajiriwa, msichana mbichi, hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na chumba cha redio, na mkubwa wake alikuwa Mzee Mkumba, Mndengereko mrefu mwenye sauti ya taratibu. Asubuhi zahanati za deltani zinaita moja baada ya nyingine, na yeyote mwenye redio ya namna ile, mfanyabiashara wa magogo, mnunuzi wa kambamiti, anasikia kila kitu. Siku moja daktari mgeni alimtaka asome hewani majina ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokacha dawa, ili watafutwe. Mzee Mkumba akakiweka kipaza sauti mezani.

"Daktari, nitasoma namba za kadi. Muuguzi wa kule anazo."

"Hiyo inachukua muda."

"Muda tunao. Jina la mtu likishatoka halirudi."

Daktari akawaza kidogo, akasema sawa, na tangu siku ile naye akawa anakuja na namba tu. Mnaona? Waliweza kuelewana, bila mafunzo na bila skrini.

Nirudi kwenye makontena. Programu ile ya wagonjwa ilikuwa ya zamani, yenyewe haikujua kufunga taarifa zake. Niliomba ifundishwe. Makao makuu wakajibu kwamba VPN inatosha. Niliwaambia mtu havui nguo kwa kuwa nyumba ina kuta. Wakasema tutaliangalia. Basi usiri wote wa wagonjwa wale ukaning'inia kwenye VPN peke yake, na kwenye sheria yangu ya kunyamaza.

Kule deltani intaneti tuliipata kwa mwenye duka mmoja, nitamwita Bakari. Alikuwa amesimika dishi juu ya paa, anauza waifai kwa bando, nasi tukajiunga kwake kama wengine. Kwenye kompyuta yake ya dukani Bakari alikuwa na programu ya kuangalia nani kamaliza bando. Programu za namna hiyo zinaona zaidi ya bando. Kinachopita bila kufunikwa, mwenye kompyuta akitaka anakisoma.

Masika yakaingia. VPN ya deltani ikawa inaanguka mara kwa mara, na kontena linanyamaza kama nilivyolifunza. Kwenye skrini kubwa pale ofisini Kibiti kila zahanati ilikuwa na rangi yake: taarifa zikifika ni kijani, zisipofika ni nyekundu. Deltani ikawa nyekundu. Meneja wetu akaniita.

"Bi Rukia, ile nyekundu inaniumiza macho."

"Ni mvua, meneja. Taarifa ziko salama kule kule, zikipata njia zitakuja."

"Wageni kutoka makao makuu wanakuja. Siwezi kuwasimamisha mbele ya nyekundu."

"Waambie nyekundu maana yake zinasubiri. Hakuna kilichopotea."

"Huwezi kulegeza kidogo? Zipite njia ya kawaida, mvua ikikatika turudishe."

Nikamjibu polepole, nikimtazama machoni. "Zikipita njia ya kawaida, jina la mgonjwa na dawa anayokunywa vitasomeka dukani kwa Bakari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema.

Neno hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Meneja yule hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa kelele. Kompyuta alizijua, maelezo yangu yalimwingia mara moja. Angekuwa hakuelewa ningemsamehe mchana uleule.

Siku chache baadaye dada yangu mkubwa alifariki kule Nyamwage. Nilikwenda kuzika, nikakaa matanga. Niliporudi ofisini mvua ilikuwa inamwagika hata mtu wa pembeni humsikii. Nikapita mbele ya skrini nikasimama, mwavuli unachuruzika. Zahanati zote zilikuwa kijani. Deltani pia.

Kabla sijaketi simu ikalia. Alikuwa Halima, muuguzi wa zahanati ile ya deltani, binti mtulivu asiyepiga simu bila sababu.

"Bi Rukia, kompyuta yetu imefanywa nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mwanahawa amerudi na ndoo yake imejaa. Hakuna aliyenunua hata kitumbua kimoja. Watoto wanamfuata nyuma wanaimba jina la dawa zake. Jina lenyewe, kama lilivyoandikwa kwenye programu. Mimi sijasema na mtu, wallahi."

Huyo Mwanahawa, na hilo si jina lake, alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza vitumbua vya mchele wa kwao. Aliishi na virusi vya UKIMWI, akinywa dawa zake bila kuruka, afya yake nzuri kuliko yangu. Kijijini hakuna aliyejua ila yeye na Halima. Habari hii ameniruhusu niisimulie. Nilimwomba kwanza, na ningekuomba wewe pia ungekuwa ni wewe.

Nikaingia ndani ya kontena la deltani kutokea Kibiti, kwa mlango wa pembeni wa mafundi, nikaliuliza linatokea kwa anwani gani. Likanijibu kwa anwani ya duka la Bakari. VPN imelala chini, nalo linazungumza. Sheria yangu haikuwepo. Fundi mwenzetu mmoja wa Dar, akiwa huko huko Dar, alikuwa ameiondoa kwa agizo la meneja, mimi nikiwa matangani. Nikalizima kontena. Kwenye skrini deltani ikageuka nyekundu, na meneja akatoka chumbani kwake.

"Umefanya nini?"

"Nimelinyamazisha. Limekuwa likitaja majina ya watu."

"Ilikuwa ya muda tu, Bi Rukia."

"Kuna mama kule watoto wanamwimbia dawa zake. Naye nimwambie ni ya muda?"

Akakaa kitini. Nilimwona amebadilika rangi, nikadhani sasa atasema neno la mtu mzima. Akasema, "Tutaeleza kwamba ilikuwa hitilafu ya mtandao."

Wanangu, hitilafu ya mtandao ni radi kupiga mnara. Ni panya kutafuna waya. Mtu akaelezwa, akaelewa, akasubiri fundi wake aende msibani, akaagiza, hiyo si hitilafu, na msikubali mtu yeyote aiite hivyo mbele yenu. Sisi mafundi ndio tunaopewa neno hilo tuliseme, kwa sababu tukisema sisi linaaminika. Yeye alinitaka niliseme mbele ya wageni. Nilipokataa akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba kustaafu kwangu kumekaribia na ni vizuri mtu kuondoka kwa amani.

Kesho yake nikapanda boti ya mashine pale Nyamisati. Nilimkuta Mwanahawa nyuma ya nyumba yake, chuma cha vitumbua amekigeuza juu chini, jiko halina hata majivu ya moto. Tukasalimiana. Nikamweleza yote: kompyuta, njia, duka, nani aliagiza na kwamba alijua. Hakunikatiza.

"Mie nilidhani ni Halima," akasema. "Nimemwapiza. Nimeapa sikanyagi tena pale."

"Dawa zako je?"

"Zimekwisha. Nilisema nife tu."

Sikilizeni, nyie mnaosema ni taarifa tu. Mwanamke aliyekuwa mzima alikuwa ameacha dawa, na muuguzi asiye na kosa alikuwa amebeba laana, ili skrini ya Kibiti iwe kijani.

"Wenzangu nao majina yametoka?" akauliza.

"Wote waliotumwa siku zile."

"Wanajua?"

"Hawajui."

Akainuka, akajifunga khanga. Kwanza alikwenda zahanati. Alimshika Halima mikono yote miwili, akalia, Halima naye akalia, mimi nikageukia ukutani. Akachukua dawa zake. Kisha tukaenda wote dukani kwa Bakari.

"Uliona nini kwenye kompyuta yako?" Mwanahawa akamuuliza.

Bakari alishikashika mizani yake. "Majina yalikuwa yanapita. Niliona la kwako nikashtuka. Nilimwambia mke wangu tu."

"Na mke wako?"

Bakari akageukia rafu. Sikumtetea Bakari, ulimi wake una kesi yake. Lakini aliyemletea majina yale dukani hakuwa mke wake.

Siku ya wageni Mwanahawa alikuja Kibiti, nikampokea mimi mwenyewe, nikamwingiza chumba cha skrini. Meneja alikuwa ameanza maelezo yake. Mwanahawa akasubiri amalize, akasema shikamooni kwa wakubwa, akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Hicho kijani cha wiki zilizopita, mimi nimo ndani yake. Nataka mjue kilitoka wapi."

Akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia. Kisha wageni wakanigeukia mimi. Nikawaambia la fundi: sheria ilikuwepo, iliondolewa, na aliyeagiza kuiondoa alikuwa ameshaelezwa matokeo yake. Meneja hakubisha. Mgeni mkubwa akamuuliza atafanya nini, naye akasema haraka kwamba atakwenda kijijini, ataitisha mkutano, ataomba radhi kwa wahusika wote.

"Usiitishe mkutano," Mwanahawa akasema. "Watakaokuja ndio watajulikana."

Chumba kizima kilikuwa hakijaliona hilo. Mimi pia.

"Kila mmoja ana siku yake ya dawa," akaendelea. "Njoo ukae ndani na muuguzi. Akiingia mtu, mwambie yeye peke yake."

Ikawa hivyo. Meneja alihamia deltani mpaka mzunguko wa dawa ukaisha. Alilala kwenye chumba cha wageni cha zahanati, mbu wakamjua. Wakati huo mimi nilirudisha sheria, na safari hii makao makuu hawakusema tutaliangalia: programu ikafundishwa kufunga taarifa zake yenyewe kabla hazijagusa njia yoyote. Iliwezekana muda wote. Ndiyo maana nimekasirika na bado nimekasirika.

Walioacha dawa wengi walirudi. Si wote. Kijana mmoja alihama, Halima alimtafuta hadi kwa ndugu zake wa milimani, hakupatikana. Biashara ya vitumbua ilirudi kwa kusuasua, kuna nyumba mpaka leo hazinunui. Meneja aliandaliwa pilau ya kuagwa, akahamishiwa mkoa mwingine kwa cheo kikubwa kuliko kile, na katika hotuba walimsifu kwa kusimamia taarifa kwa wakati. Mimi niliaga bila pilau, na ningerudi mara mia kukataa neno lile la hitilafu.

Lakini nilikuwepo siku ya mwisho ya meneja kule deltani, nilikwenda kukagua mashine. Mgonjwa wa mwisho kwa siku ile alikuwa Mwanahawa. Angeweza kuchukua dawa na kwenda zake, yeye alishaelezwa yote. Akaketi. Meneja akaanza maneno aliyoyasema kwa kila mtu, na nikiri kwamba kufikia wakati ule yalikuwa yamepungua urembo, yamebaki machache na yanatoka kwa shida. Mwanahawa akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Wewe unaujua ugonjwa wangu. Sasa na wewe niambie wako."

Meneja akamtazama Halima. Halima akanitazama mimi. Nikaweka bisibisi yangu mezani, nikamshika Halima mkono, tukatoka, na nikaufunga mlango nyuma yetu.

Walikaa humo muda. Mwanahawa alipotoka alifuta uso kwa ncha ya khanga, akachukua ndoo yake, akatuaga. Sikumuuliza kitu. Yeye ni jirani yake Bakari, anauza katika soko lenye maneno kuliko samaki, na angeweza kumfanya meneja yule gumzo la delta nzima kwa siku moja. Mpaka leo hajamwambia mtu alichokisikia mle ndani.